Anza na Pua: Kuchonga Uso wa Mtu kwa Anayejifunza

Mtu anayeshika patasi kwa mara ya kwanza akitaka kuchonga uso, karibu kila mara huanza na macho. Huchora miviringo miwili kwenye mti, akaichimba, kisha akaweka pua katikati na mdomo chini yake. Akimaliza anapata sura bapa: macho yamelingana na paji la uso, pua inaonekana imebandikwa, midomo ni mstari tu. Wengi hukata tamaa hapo na kusema hawana kipaji. Kipaji hakihusiki. Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi. Uso una miinuko na mabonde, na hayo ndiyo yanayomfanya mtu aonekane mtu hata ukimtazama kwa mbali, gizagiza, usipoziona kope wala mboni. Kwa hiyo utaratibu nitakaoueleza ni mmoja: maumbo makubwa kwanza, pua isimame kabla ya kitu kingine, macho yaje mwisho.

Mti wa kujifunzia

Ukitaja uchongaji hapa Afrika Mashariki, watu hufikiria mpingo, na wana sababu. Wamakonde wa uwanda wa Newala mkoani Mtwara, na wenzao wa Mueda ng'ambo ya mto Ruvuma huko Msumbiji, wameupa mti huo jina dunia nzima kwa vinyago vya ujamaa, watu wamebebana hadi juu, na vile vya mashetani. Lakini mpingo si mti wa kujifunzia. Ni mzito hata ukiutumbukiza majini unazama, na ugumu wake humaliza makali ya patasi kabla mkono haujazoea. Tena hukua polepole mno. Mti wa kuvunwa huchukua miaka 70 hadi 100. Tangu mwaka 2017 mpingo, pamoja na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia, umo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo kuuvusha mpaka kibiashara kunahitaji vibali. Kuharibu mti wa namna hiyo kwa pua ya kwanza ya mwanafunzi ni hasara inayoniuma.

Wamakonde wenyewe hawakutumia mpingo kwa kila kitu. Mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando na unyago, huchongwa kwa miti myepesi, maana mchezaji anacheza navyo kutwa. Na anayetaka kujifunza sura ya mtu ayatazame mapiko kwa makini: chale za mashavuni, ndonya katika mdomo wa juu, nywele halisi zilizobandikwa utosini. Wachongaji wake walimtazama mtu kwanza ndipo wakashika chombo.

Wewe tafuta jakaranda ukiipata. Ni laini na haina ukaidi. Mwembe na mwarobaini nayo inafaa, ingawa mwarobaini ni mgumu zaidi kidogo. Nchini Kenya wachongaji wa Kikamba, waliozoea muhugu na mpingo kwa miongo mingi, walihimizwa kuhamia miti hii ya kupandwa baada ya ile ya msituni kuadimika, kwa hiyo usidhani unapewa mti wa daraja la chini. Mabaki ya paina kwa seremala yanapatikana kila mtaa, lakini pete zake ngumu na laini zinapishana: patasi huzama kwenye laini, ikaruka kwenye ngumu. Itumie kwa kuzoeza mkono tu. Usiende kukata mti porini. Nchini Tanzania uvunaji wa mazao ya misitu unahitaji kibali, na wa kuulizwa ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Nunua vipande kwa fundi.

Kagua kipande kabla ya kukilipia. Kisiwe na fundo mahali pa uso, na kisiwe na moyo wa mti, ile nukta ya katikati kabisa ya gogo, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Mti mbichi huchongeka kwa raha lakini ukikauka haraka hupasuka. Ukipata mbichi, paka nta au rangi kwenye ncha zake mbili, na kila ukiacha kazi ufunge kipande ndani ya mfuko wa plastiki.

Vifaa, na makali yake

Huhitaji seti ya patasi ishirini. Patasi bapa mbili, moja ya sm 1 na moja ya sm 2, bobari mbili, moja pana yenye mkunjo mdogo na nyingine nyembamba yenye mkunjo mkubwa, kisu kifupi chenye ncha, rungu la mbao, msumeno mdogo, penseli na bikari. Wahunzi wa mitaani wengi huweza kukufulia bobari nzuri kutokana na springi za gari ukiwaonyesha mchoro. Tezo, ambalo mchongaji mzoefu hulitumia kumaliza nusu ya kazi, liache kwanza. Linataka mazoea ya miaka, na linapokosea hukosea kwenye mguu.

Chombo butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinataka nguvu, na nguvu ikizidi chombo huteleza. Noa kwenye jiwe lenye maji, upande wa kukwaruza kwanza kisha ule laini, ukishikilia mwinamo uleule wa nyuzi 25 hivi bila kuyumba. Ukisikia kikunjo chembamba cha chuma upande wa pili wa makali, geuza ukiondoe, kisha suguza kwenye ngozi ya mkanda wa zamani. Jaribu kwa kukata ncha ya kipande laini, kukingama na nyuzi za mti: pakitoka pamelainika na kung'aa, chombo kiko tayari, pakitoka pameparuzika, rudi kwenye jiwe. Na urudi tena kila unapoona unaanza kusukuma kwa bega.

Mafundi wa Kimakonde hukaa chini wakabana gogo kwa nyayo. Usiwaige bado. Bana kipande kwenye jiliwa, au kipigilie skrubu kutoka chini ya ubao mpana kisha ubao huo uubane mezani. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali wakati wote. Mkono usioshika mpini unaongoza chuma, haushiki mti mbele yake. Vaa miwani ya kazi unapopiga rungu na barakoa unapopiga msasa. Vumbi la mbao limo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu inayotolewa na IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua cha watu wengi. Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu; jeraha la kuingia ndani lipelekwe zahanati, uulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kona, si ubavu

Chukua kipande cha mraba, sm 6 kwa sm 6, urefu sm 25 hivi, nyuzi zikielekea juu na chini. Uso tutauchonga kwenye kona, ile ncha kali inayokutanisha bavu mbili. Kona tayari ina mwinuko wa pua na mteremko wa mashavu kwenda masikioni, kwa hiyo mti wenyewe unakukataza kuchonga sura bapa. Kuna faida nyingine: kipande kimoja kina kona nne.

Acha sm 5 chini kwa ajili ya shingo na mahali pa kubana. Hapo weka alama ya kidevu. Panda sm 3, weka alama ya msingi wa pua; sm 3 nyingine, nyusi; sm 3 nyingine, mwanzo wa nywele; kisha sm 2 hadi utosi. Kichwa kizima kina sm 11. Sasa chora mstari wa macho sm 5.5 juu ya kidevu, yaani katikati kabisa. Watu hubisha hapa, maana kila mtu anaamini macho yako karibu na juu. Jipime mbele ya kioo kwa rula. Kwa mtoto mdogo macho huwa chini zaidi ya nusu, na ukikosea hilo utachonga mzee mfupi badala ya mtoto. Mstari wa mdomo uwe sm 1 chini ya msingi wa pua. Zungusha mistari yote kwenye bavu zote mbili, na uweke mstari wa katikati juu ya kona. Huo wa katikati utafutika kila utakapokata. Uchore upya kila mara.

Kuhusu upana, vitabu vingi vya kuchora husema upana wa pua ni sawa na nafasi iliyo kati ya macho mawili, na nafasi hiyo ni sawa na jicho moja. Kipimo cha macho kinasaidia. Cha pua kilitokana na sura za Kizungu, na nimeona wanafunzi wetu wakikifuata hadi wakachonga babu wa Newala mwenye pua ya sanamu ya Kirumi. Watazame watu wako. Kwa wengi wetu mabawa ya pua yanapita pembe za ndani za macho, mwamba wa pua uko chini zaidi, na midomo imejaa na ina ukingo unaoonekana wazi. Mweke ndugu yako kwenye kiti karibu na dirisha, mpime kwa bikari, uandike.

Kama unapata udongo wa mfinyanzi, finyanga kwanza uso huohuo kwa kipimo hichohicho. Udongo unaongezeka, mti ukitoka hauongezeki. Jioni moja ya kufinyanga itakufundisha mahali pa kina zaidi ya maneno yangu yote.

Maumbo makubwa

Tia msumeno kwenye msingi wa pua, ukate kona kuingia ndani kidogo zaidi ya sm 1. Kisha kwa patasi pana ondoa kona yote kuanzia kidevuni hadi kwenye mkato huo, upate eneo bapa lililorudi nyuma ya pua. Hapo ndipo mdomo na kidevu vitakaa. Panda kwenye mstari wa macho: kata bonde la nusu sentimita ambapo mwamba wa pua unaanzia. Bonde hilo usilikate kwa upande mmoja. Shuka kutoka kwenye nyusi hadi katikati ya bonde, kisha geuka ukate kutoka ncha ya pua kupanda hadi hapohapo. Sheria ya nyuzi ni hiyo popote usoni: kata kutoka palipoinuka kwenda palipozama, mikato miwili ikutane chini. Ukivuka chini ya bonde na kuanza kupanda, patasi itaingia chini ya nyuzi na kubandua kipande kirefu ambacho hukukusudia, mara nyingi ncha ya pua.

Paji la uso lizungushe lirudi nyuma kuelekea panja. Kwa bobari nyembamba chonga mfereji kila upande wa pua, kutoka nyuma ya bawa kupanda hadi pembe ya ndani ya jicho. Kwa bobari pana chimba mashimo ya macho, ukishuka kutoka mfupa wa nyusi na ukipanda kutoka shavuni, mikato ikutane kwenye mstari wa macho. Hapa zuia mkono. Ndani ya shimo lazima ubaki mti wa kutosha donge la jicho lenyewe. Anayechimba hadi mwisho sasa hatakuwa na jicho baadaye.

Mdomo nao una mwinuko wake, kwa sababu nyuma yake kuna meno yaliyojipinda. Zungusha lile eneo bapa ili pembe za mdomo zirudi nyuma zaidi ya katikati, kisha tenganisha kidevu kwa bonde dogo chini ya mdomo wa chini.

Simamisha kipande umbali wa hatua tatu, zima taa ya juu, washa moja tu ubavuni. Uso usio na macho wala midomo unapaswa kuonekana kuwa wa mtu tayari, pengine hata ukajua ni mzee au kijana. Usipoonekana, tatizo liko kwenye mabonde, na hakuna kope itakayoliponya. Mara nyingi pua haijasimama kutosha na macho hayajazama kutosha. Rudi uyaongeze.

Pua na mdomo

Ncha ya pua ni donge moja katikati na mabawa mawili pembeni. Yatenganishe kwa mikato midogo ya bobari nyembamba, kisha uzungushe kila moja. Chini ya pua unakata ncha za nyuzi, kwa hiyo noa upya kabla ya kugusa. Matundu yaje mwisho, kwa ncha ya kisu ikizungushwa taratibu, kamwe si kwa rungu, kwani nyuzi za mabawa ni fupi na hukatika kwa pigo moja. Yasiwe ya kina, kivuli kinatosha.

Mstari wa kukutana kwa midomo haujanyooka. Una wimbi: unashuka kidogo katikati, unapanda, kisha unashuka kwenye pembe. Unakwenda kukingama na nyuzi, hivyo usiusukume kwa patasi. Simamisha kisu, kata mstari wima kwanza, kisha punguza mdomo wa juu kuelekea kwenye mkato na wa chini vilevile. Mdomo wa juu hutazama chini na huwa kwenye kivuli. Wa chini hutazama juu na hupokea mwanga. Ukilikumbuka hilo tu, midomo yako itakuwa na uhai.

Macho

Sasa macho, na hapa pana haki ya kwenda polepole.

Ndani ya kila shimo una donge la mti. Lizungushe liwe nusu tufe, likiviringika kutoka juu kwenda chini na pia kutoka puani kwenda sikioni. Usiguse kope kabla donge halijawa duara kweli. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho, utasikia pembe ambazo huzioni. Kisha chora kope kwa penseli laini. Kilele cha kope ya juu kiko karibu zaidi na pua, na sehemu ya chini kabisa ya kope ya chini iko karibu zaidi na sikio. Anayechora umbo la jani lenye pande sawa hupata macho ya kushangaa yasiyo ya mtu yeyote. Pembe ya nje ya jicho inarudi nyuma zaidi ya pembe ya ndani, maana uso unajipinda.

Simamisha ncha ya kisu juu ya mstari wa kope, kata wima kina cha milimita mbili, ukifuata mstari wote. Kisha laza kisu, na kutoka katikati ya jicho punguza mti kuelekea kwenye mkato huo, juu na chini. Kinachotokea ni kope kuinuka na jicho kubaki ndani yake, kama ganda la kunde lililoanza kupasuka na punje ikaonekana. Lakini angalia: unapopunguza, jicho huelekea kuwa bapa, na jicho bapa ndilo kosa linaloharibu nyuso nyingi kuliko yote. Punguza zaidi kwenye pembe mbili, kidogo sana katikati. Kope ya juu ijitokeze mbele kuliko ya chini, na kwenye pembe ya nje iipande ya chini kidogo. Juu yake chonga mkunjo mwembamba unaofuata mzunguko wa jicho. Kope ya chini usiichonge kwa ukali kama ya juu. Iache iyeyuke shavuni.

Fanya macho yote mawili hatua kwa hatua pamoja: donge la kulia, donge la kushoto, mkato wa kulia, wa kushoto. Anayemaliza jicho moja kabisa ndipo ageukie la pili hatapata yanayolingana. Hakiki kwa bikari kutoka mstari wa katikati, kisha pindua kipande kichwa chini miguu juu. Jicho lako limezoea sura iliyosimama na husamehe mengi. Likiipata imepinduliwa huona mara moja lipi limepanda. Tazama pia kutoka chini ya kidevu na kutoka utosini.

Mboni unaweza kuiacha, jicho likabaki laini, na wengi hupendelea hivyo. Ukiitaka, chimba kitundu kidogo kinachotia kivuli, viwili vikielekea upande mmoja, na kope ya juu ikifunika sehemu ya juu ya kila kimoja. Mboni inayoonekana mviringo wote huleta uso wa hofu.

Masikio yanataka somo lake. Kwa kazi za mwanzo mvike mtu wako kofia au kilemba kinachoshuka, uendelee.

Kumalizia na kuendelea

Usiguse msasa hadi uwe na hakika kwamba hutarudi na patasi, kwa sababu chembe za msasa hubaki ndani ya mti na kula makali. Anza na namba 120, panda hadi 240, ukifuata nyuzi. Binafsi naacha alama za patasi kwenye nywele na nguo, nikilainisha ngozi ya uso tu. Tofauti hiyo inafanya ngozi ionekane ngozi. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, acha iingie, suguza kwa kitambaa. Kiwi cheusi kinachopakwa mti mweupe ili uuzwe kama mpingo ni udanganyifu kwa mnunuzi, na mwanafunzi asiuzoee.

Ukitaka kuona mikono ya waliozoea, nenda Mwenge jijini Dar es Salaam, ambako mafundi huchonga hadharani, au Wamunyu na Changamwe nchini Kenya kwa Wakamba. Amkia, omba ruhusa ya kukaa na kutazama, usipige picha kabla ya kuuliza, na ununue hata kijiko. Anayetaka masomo rasmi ya sanaa aulize Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Kona zilizobaki za kipande chako zitumie hivi: ya pili, pua na mabonde tu mara mbili au tatu, bila macho; ya tatu, uso wa mtu mzee, mashavu yamezama na mkunjo unaotoka kwenye bawa la pua hadi pembe ya mdomo; ya nne, mtoto, macho yakishushwa na pua ikifupishwa. Baada ya hapo uko tayari kwa kinyago kamili kutoka nusu gogo. Chonga uso wa mbele kwanza wakati nyuma bado ni nzito na inabanika, ndipo ukombe nyuma kwa bobari pana hadi unene ubaki kama sm 2 kila mahali, ukipima kwa bikari, hasa nyuma ya macho na pembeni mwa pua, ambako upande wa mbele umeshazama na patasi hutoboa upesi.